Mkwe Aliyekwama Kwenye Kompyuta

Majuzi nilipeleka redio kwa fundi mmoja hapa Kanduyi, si mbali na ninapoishi, nikamkuta amefungua kompyuta ya kale, zile zenye kisogo kikubwa nyuma, na ameiwasha. Vumbi lililolala ndani lilikuwa limeanza kupata moto. Harufu ile ikanipiga puani nikasahau kilichonipeleka. Fundi aliniuliza, "Madam, redio inasumbua wapi?" na mimi nimesimama tu natabasamu, kwa sababu wakati huo sikuwa Kanduyi. Nilikuwa sebuleni kwetu Matisi, Kitale, nimevaa gauni la kanisani, bwana wa shangazi yangu amekwama kwenye kioo cha kompyuta mdomo wazi, na nyumba nzima inabishana namna ya kumkwamua.

Nitasimulia nilivyomkwamua. Kaka yangu Wafula atasema si mimi. Wafula ana kazi yake ya kompyuta siku hizi na anapenda kuwa na maelezo ya kila kitu, lakini siku ile alikuwepo, na maelezo yake yote hayakusaidia. Mimi ni mtu wa kubisha tangu utotoni na sijaacha.

Wenzangu mliokua wakati mmoja nami mnakumbuka. Siku hizi mwanangu akiona video imesimama kidogo tu, anaitupa simu kwenye kochi na kununa. Sisi kompyuta tuliiogea na kuivalia. Kompyuta yetu ilitoka ofisini kwa Baba, aliyekuwa karani wa mambo ya kilimo. Ofisi ilipopata mashine mpya, zile kuukuu ziliuzwa kwa wafanyakazi, na Baba akaleta yake nyuma ya pikapu ikiwa imevikwa blanketi. Mama aliifumia vitambaa vyeupe vya uzi, kimoja cha kioo, kimoja cha kibodi, na kidogo kabisa cha kipanya. Kuivua tu ilikuwa shughuli. Ikiwashwa tulinyamaza wote. Ilinguruma, ikakohoa, harufu ya vumbi la moto ikajaa nyumba, nami nikaanza kufurahi kabla sijaona chochote.

Mtandao ulikuja baadaye, kwa modemu, kidude cha ukubwa wa kidole gumba kinachochomekwa kwa waya. Ndani ya kuta zetu za mawe kidude hicho kilikuwa kinahema tu. Baba ndiye aliyegundua kwamba kikiwa nje kinachangamka. Akakitia kwenye karatasi ya nailoni ya mkate kisinyeshewe, akapitisha waya mrefu dirishani, akakining'iniza kwenye ukuta wa nje. Wageni walidhani ni cha kufukuza ndege. Sisi wenyewe tulikizoea mpaka tukaacha kukiona, na hilo naomba mlishike.

Kwetu Wabukusu shangazi, dada ya baba, tunamwita Senge. Senge Nekesa alikuwa kitinda mimba wa Kukhu, bibi yetu wa Tongaren. Alikwenda Uingereza kusomea uuguzi, akapata kazi, akapata mchumba huko huko, mtu wa Ghana, na wakafunga ndoa huko huko kwa sababu mambo ya karatasi zake hayakumruhusu kusafiri. Hakuna hata mtu mmoja wa nyumbani aliyekuwepo. Jambo hilo lilimwingia Kukhu vibaya. "Mtoto ameolewa kama mtu hana kwao," alisema, na tangu siku hiyo Senge akipiga simu, Kukhu yuko shambani. Hata giza likiingia, yuko shambani. Hata mvua ikinyesha ya mawe.

Senge alituma diski ya arusi kwa posta, ikafika imepasuka. Ndipo rafiki yake akaiweka arusi yote kwenye mtandao, na Senge akampigia Baba akimwomba. "Tafadhali Mama aone. Na afike mwisho. Hapo mwanzo si kitu, kitu iko mwisho." Baba alikwenda Tongaren kumbembeleza mama yake alasiri nzima. Kukhu alikubali kwa sharti alilolisema wazi. Atakuja kuwaona hao watu waliomchukua mtoto wake bila kumuuliza, na kama hakuna cha maana, asisikie tena habari ya simu kutoka ng'ambo. Nilimsikia Baba akimwambia Mama jikoni, "Hii ndio nafasi tuko nayo. Hii ikikataa, amemkata."

Nilimpenda Senge kupita kiasi. Yeye ndiye aliyenifundisha kufunga kamba za viatu, na kunong'ona kanisani bila kusogeza midomo. Wazo kwamba angeweza kukatwa, kama tawi, lilinikosesha raha. Kwa hiyo Jumamosi ile nilijiandaa kuliko mtu yeyote. Nilivaa gauni la kanisani, nikajipaka mafuta miguuni mpaka soksi zikawa zinateremka zenyewe. Sababu ni kwamba niliamini Senge atatuona. Hakuna aliyenidanganya. Nilifikiri tu, kama sisi tunamwona yeye, mbona yeye asituone? Dirisha haliangalii upande mmoja.

Kukhu alifika na pikapu ya jirani yake iliyoleta mahindi mjini. Dereva alisema atampitia jioni kabla mvua haijaharibu barabara ya Tongaren. Kukhu alishuka na kuku, na ndizi, na uso uliofungwa. Nilimkimbilia, akanishika kichwa, akaniuliza kama nimekula, lakini macho yake yalikuwa yamekwisha kwenda ndani kuitafuta ile mashine.

"Ni hii?" alimwuliza Baba.

"Ni hii, Mama."

"Hii ndio imemeza mtoto wangu."

Baba alicheka peke yake.

Mama Njoki, jirani yetu mwenye duka la mboga, ambaye watu wake walihamia kwetu Trans-Nzoia kutoka Murang'a kabla hajazaliwa, alikuja na mandazi na kukaa kwenye kochi mapema ili asikose nafasi. Kukhu akapewa kiti cha Baba, kile cha karibu na dirisha. Alikuwa na kifua kibaya, na upepo wa Kitale unaotoka mlimani hauna huruma na vifua. Mama, aliyemheshimu mama mkwe wake sana, hakungoja kuambiwa. Kukhu alipokikalia tu, alivuta ndani kilichokuwa kinaning'inia, akafunga dirisha, akashusha pazia vizuri. Baba akaomba. Aliombea umeme, akaombea mtandao, akaombea Uingereza na Ghana. Wafula akavua vitambaa kimoja kimoja, akabofya.

Ilianza. Sijui niseme nini zaidi ya hivyo, mlio wa umri wangu mnajua. Kanisa lilitokea, dogo na lenye ukungu ukungu, limejaa watu waliovaa vitambaa vya rangi ambazo sijawahi kuona zikikaa pamoja. Kisha Senge, mweupe mwili mzima kwa gauni, akitembea. Nilimpungia mkono. Mama alianza kupiga vigelegele akajizuia njiani, akamwangalia Kukhu. Kukhu aliinama mbele.

"Amekonda," alisema polepole. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimhurumia tangu arusi ile, na Baba alinikanyaga mguu kwa furaha akidhani ni wa Mama.

Hapo ndipo bwana arusi alipogeuka na kutuangalia.

Sasa, kwa msio wa kwetu. Mama mkwe na mume wa binti yake hawakai chumba kimoja. Hawapeani mkono, hawaangaliani usoni. Hiyo si chuki hata kidogo, ni heshima, tena nzito. Mkwe akija nyumbani, mama mkwe yuko jikoni, chakula kinapelekwa na watu wengine, na wakikutana njiani kila mmoja anajitafutia kichaka cha kuangalia. Baba alikuwa amefikiria kila kitu, umeme, chai, maombi, mpaka viti vya wageni. Hakufikiria kwamba bwana arusi huwa anahudhuria arusi yake.

Kukhu alivuta leso kichwani hadi kidevuni, akainuka. "Wanangu, mnanifanyia nini?" alisema kutoka ndani ya leso, na akapapasa ukuta mpaka jikoni. Na saa hiyo hiyo picha ikasimama. Yule mtu wa Ghana, uso mpana, mzuri, unaocheka, alibaki mdomo nusu wazi, na kile kiduara cha kungojea kikaanza kuzunguka katikati ya paji lake la uso.

"Si ni picha tu?" Mama Njoki aliuliza. "Kwetu mama mkwe anakula meza moja na mkwe wake, na wanaulizana habari ya ng'ombe."

"Picha iko na macho," Mama alimjibu.

Tukangoja. Chumba kilikuwa na joto la watu na la mashine, na sasa mwenye kifua hayupo, Mama alifungua dirisha, akarudisha vitu mahali pake. Baada ya muda si mrefu bwana arusi akapepesa macho, akamaliza kucheka, akaendelea na arusi yake. Tulipiga makofi. Alipotoka kwenye kioo nikatumwa mbio jikoni. "Kukhu, kuja, ametoka, sasa ni Senge peke yake!" Kukhu akaja na leso mkononi, tayari. Akakaa. Mama akafunga dirisha. Tukaona Senge akitia sahihi kitabu kikubwa, tukaona mkono wa mwanamume ukipokea kalamu, na kabla sijasema kitu, uso ule ule ukajaa kioo na kusimama.

Leso. Jikoni. Kiduara.

Ilikwenda hivyo asubuhi ikawa mchana. Kwenye arusi bwana arusi yuko kila mahali, na kila mahali alipokuwa, alikwama. Wafula alitoa jasho. Alikuwa kidato cha tatu na alikuwa amejifunza kwenye saibakafe za mjini maneno ambayo hata Baba hakuyajua. Kwanza alisema mashine imechoka kwa kufungua vitu vingi, akafunga kila kitu. Ikakwama. Akasema tumbo lake limejaa takataka za zamani, akazifuta, na pamoja nazo akafuta kile kilichokuwa kimekwisha kupakuliwa, kwa hiyo tukarudi mlangoni mwa kanisa tukaanza upya. Mama Njoki akauliza kama hao watu wataoana mara ngapi.

Akaipunguza picha ikawa ndogo kama stempu. Ikakwama, ndogo. Akasema kile kichezeo cha video ni cha kizamani na kinataka kuongezewa kipya, tukangoja kipya kije, tukanywa chai, kikaja nusu kikakataa. Akaizima, akaiwasha. Baba alipendekeza aipige kidogo ubavuni, akaipiga. Kisha Baba akaamuru kila mtu azime simu, kwamba zote zinakunywa kutoka mnara mmoja, na Mama Njoki akazima yake akilalamika kwamba wateja wake watadhani amekufa.

"Wacheni nisimamishe ijae kwanza," Wafula alisema. "Mnaona hii laini ya kijivu? Hiyo ndio video inakuja. Hii nyekundu ndio tunaangalia. Nyekundu ikipita kijivu, imeisha hiyo. Sasa tulieni bana, msiguse."

Niliielewa mara moja. Kijivu kilikuwa maji yanayojaa kwenye mtungi na nyekundu alikuwa mtu mwenye kiu. Tukakodolea macho ule mstari wa kijivu ukitambaa. Ulikuwa ukitambaa vizuri Kukhu akiwa jikoni. Akiitwa, akikaa, ulisimama. Akitoka, ulitambaa. Niliangalia mara nyingine tena, na nyingine. Wafula hakuona hili kwa sababu kichwa chake kilikuwa chini ya meza akikaza nyaya. Baba hakuona kwa sababu alikuwa anaangalia saa na mawingu. Mimi niliona.

Si mashine. Ni yeye. Yule mtu wa Ghana anatuona, kama nilivyojua tangu mwanzo. Anamwona mama mkwe wake ameketi pale karibu na dirisha, na yeye ni mtu mwenye adabu, kwa hiyo anasimama. Hawezi kwenda mbele wala nyuma. Angefanyaje? Yeye hana jikoni pa kukimbilia.

Nilikuwa bado nashangaa ukubwa wa jambo nililoligundua wakati Kukhu alipotoka jikoni na mkoba wake mkononi. Mvua ilikuwa imeanza kunguruma upande wa Mlima Elgon.

"Amelala tena?" aliuliza bila kuangalia kioo.

"Mama, ngoja kidogo," Baba alisema. "Tumekaribia."

"Nimengoja. Nimekuja kuona mtoto, nimeona bwana. Kila saa ni bwana. Mtu hajui hata kuondokea mkubwa." Alifunga mkoba. "Dereva akija mniite. Na hiyo simu yenu, mkipigiwa, mimi niko shambani."

Baba aliinamisha kichwa. Mama alianza kukusanya vikombe ambavyo havikuwa na haja ya kukusanywa. Hapo nilijua kwamba Senge anakatwa, sasa hivi, mbele yangu, na mtu anayesingiziwa hawezi kujitetea kwa sababu amekwama.

"Kukhu, anakuheshimu," nilisema.

Watu wote wakaniangalia. Mtoto haingilii mambo ya namna ile. Lakini nilikuwa nimeanza na mdomo wangu ukianza haurudi.

"Ukiingia ndio anasimama. Ukitoka anaendelea. Mimi nimeangalia. Si mashine mbaya, ni yeye anakuona, anashindwa kupita. Anangoja utoke."

Wafula alitoka chini ya meza. "Wewe ni mjinga ama? Hiyo ni video, haioni mtu."

"Basi mbona inatembea Kukhu akiwa jikoni?"

Aligeuka kuutazama mstari wa kijivu. Alikuwa amekaa nayo siku nzima na hilo hakulijua. Mama Njoki akasema, "Ehe, hiyo hata mimi nimeona," na sina hakika aliona, lakini nilimpenda.

Kukhu hakucheka. Aliuweka mkoba chini. Alinisogelea, akaniuliza kwa sauti ile anayowauliza watu wazima bei ya mahindi. "Sasa tufanye nini?"

Nilikuwa nalo jibu, maana lilikuwa jibu la nyumbani kwake mwenyewe. "Ukae nje. Uangalie kwa dirisha. Hamtakuwa nyumba moja, kwa hivyo hana makosa. Na wewe utajifunika akitokea."

Kukhu akamgeukia Baba. "Toa kiti nje."

Sijawahi kuona watu wazima wakinitii kwa kasi ile. Baba alibeba kiti hadi barazani. Mama alileta blanketi na leso nyingine ya kufunika kifua, akafungua dirisha kabisa, mabawa yote mawili, akafunga pazia kwa fundo. Kidude kikarudi nje kwenye ukuta, kwenye karatasi yake ya mkate. Wafula, akinung'unika kwamba hizi ni mambo za kishamba, aligeuza kompyuta na kisogo chake chote ielekee dirishani. Nyaya zilifika kwa shida. Sisi tukakaa sakafuni tukitazama kiubavu. Kukhu akaketi nje, amefunikwa hadi puani, uso wake kati ya vyuma vya dirisha.

"Mwambie aendelee," aliniambia. Aliniambia mimi.

Ikaenda. Wacha niseme tena, ikaenda. Mstari wa kijivu ulikimbia kama mtu aliyesikia mlio wa kengele ya shule, na nyekundu ikafuata haikuupata. Bwana arusi alitokea, Kukhu akashusha leso usoni, bwana arusi akaendelea, hakukwama, alicheza ngoma, alikata keki, alimwinua mtoto wa mtu begani. Mama akapiga kile kigelegele alichokuwa amekimeza asubuhi. Mimi nilikuwa nimesimama kwa magoti nikirukaruka, nikimwambia Kukhu, "Funika, funua, funika, sasa ni Senge, funua," na Kukhu anafuata, na Baba anacheka mpaka anajishika ubavu. Tone la mvua la kwanza likaanguka kwenye bati. Hakuna aliyelijali.

Kisha tukafika mahali ambapo hakuna kati yetu aliyewahi kufika. Ukumbi ulinyamaza. Senge alisimama mbele ya kamera na mumewe kando yake, akaanza kusema, si kwa Kiingereza, kwa lugha yetu.

"Mama," alisema, "najua unaangalia hii ukiwa umejifunika. Huyu nimemwambia kwetu mkwe hamwangalii mama mkwe. Ameuliza kwa nini, nimemwambia ni heshima, amesema basi afanye nini na yeye yuko kwa picha. Nimemwambia sijui. Amesema yeye anajua. Sasa toa leso, Mama. Niangalie mimi."

Na yule mtu mrefu, na vitambaa vyake vya rangi begani, mbele ya wageni wake wote na ndugu zake wote wa Ghana, aligeuka, akaangalia ukuta, akatupatia mgongo.

Akakaa hivyo. Senge alizungumza kwa muda. Aliomba msamaha kwa kuolewa bila mama. Alitaja vitu vya nyumbani, mpaka jina la ng'ombe, mpaka lile jiwe la kusugulia miguu mlangoni. Sauti yake ilivunjika, akaikusanya. Na wakati wote huo mgongo ule haukusogea, ila mara moja tu, alipomsikia mkewe akilia, mkono wake mmoja ulirudi nyuma ukamtafuta ukampata, bila yeye kugeuka.

Nilimwangalia Kukhu. Leso ilikuwa imeanguka mabegani. Alikuwa ameinuka kwenye kiti, amesogea hadi dirishani, ameshika vyuma kwa mikono yote miwili, uso umelowa, na sikujua ni mvua au ni nini. Kile kidude kwenye karatasi ya mkate kilikuwa kinabembea karibu na sikio lake.

"Huyo amelelewa," alisema.

Baba alitoka nje akamshika bega. Kukhu alimwondoa mkono, si kwa ukali, hakutaka tu kuzibwa. "Rudisheni hapo," alisema. "Hapo kwa mgongo."

Tukarudisha. Tukarudisha tena. Dereva wa pikapu alikuja, akaalikwa naye atazame, akasimama barazani na kofia mkononi. Hata kuku aliyeletwa alipona siku ile, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumchinja. Na mvua ilipokolea, Kukhu aliingia ndani, akakaa, akanyoosha mkono. "Nipigieni huyo mtoto." Simu zilikuwa bado zimezimwa zote, na mnajua simu za wakati ule zilivyochukua muda kuamka. Hatimaye nilisikia sauti ya Senge, ndogo, ikisema "Mama?" kwa woga. "Umekonda," Kukhu akamwambia. "Mnakula nini huko?" Mama alikwenda jikoni kulia kwa nafasi. Mimi nilifurahi mpaka nikaumwa na kichwa.

Jioni, Wafula alipokwenda kuvuta modemu ndani, aliona taa yake. Nje ilikuwa bluu. Ndani, kijani hafifu. Akaitoa nje, bluu. Akaiingiza, kijani. Akakaa chini. "Kumbe ni hii tu," alisema. "Kila saa Mama anafunga dirisha, anaiingiza ndani." Alimweleza Baba, akamweleza Mama, akanieleza mimi kwa kirefu, na anaendelea kunieleza hadi leo kila tukikutana Krismasi. Nami humjibu hivi: ni nani aliyefanya dirisha libaki wazi? Ni nani aliyemtoa Kukhu nje? Wewe ulijua kompyuta. Mimi nilimjua Kukhu. Basi.

Lakini nikiwa peke yangu, kama pale kwa fundi, huwa nakwenda mbali zaidi ya ubishi huo. Nilikosea karibu kila kitu siku ile. Video haioni mtu, sawa. Lakini yule mtu alikuwa amemwona mama mkwe wake kweli, miezi mingi kabla, akiwa amesimama kwenye ukumbi wa nchi ya watu. Alimfikiria ameketi mahali asipopajua, amejifunika, akamwachia nafasi. Hilo nililolisema kwa ujinga lilikuwa hivyo hasa.

Kukhu hayupo tena. Lakini kabla hajaondoka, walikuja. Nilikuwa nimeanza sekondari. Senge alishuka garini Tongaren na mtoto mgongoni, na mumewe, mrefu kuliko nilivyomfikiria, akiwa amebeba blanketi zito la mama mkwe. Hakuelekea mlangoni. Hakuna aliyemwelekeza. Alikwenda moja kwa moja chini ya dirisha la sebule ambako Kukhu alikuwa ndani, akamkabidhi Baba blanketi, akageuka, akaangalia mahindi. Tukasimama wote uani kimya, Wafula kando yangu. Blanketi likapelekwa ndani. Kwetu likishapokelewa, mama mkwe anaweza kumsalimia mkwe akipenda, na asipopenda, anaweza kukaa hivyo mpaka kufa. Muda ukapita. Nilishikwa na ile hofu ya zamani, kwamba amekwama tena na hapa hakuna pa kubofya.

Kisha tukasikia sauti ya Kukhu kutoka dirishani.

"Mwambieni ageuke. Huo mgongo nimeuangalia miaka yote hii. Sasa nataka uso."

Senge alimnong'oneza. Akageuka, na safari hii hakukwama.